Tumbo la mtoto lipigwe picha siku hiyo hiyo

Saratani ya figo ya watoto, ile ambayo madaktari huiita uvimbe wa Wilms, mara nyingi haigunduliwi na daktari. Huigundua mama, au bibi, au dada anayemwogesha mtoto jioni. Mkono wenye sabuni unapita ubavuni na kukutana na kitu kigumu, chenye uso laini, kimekaa upande mmoja kama embe bichi. Mtoto mwenyewe hana habari. Anacheza, anakula, hana maumivu. Umri wake kwa kawaida ni miaka 3 au 4, na wengi wa wanaopatwa na ugonjwa huu hawajatimiza miaka 5. Hatari inaanzia hapo, kwa kuwa mtoto anaonekana mzima, na kwa kuwa katika nchi zetu tumbo kubwa la mtoto lina majibu mengi yaliyokwisha kutayarishwa.

Jirani atasema ni bandama. Mwingine atasema ni chango, au ni uji usiomkubali. Zahanati itatoa dawa ya minyoo na kumwambia mama arudi baada ya wiki mbili. Akirudi, itakuwa zamu ya dawa ya malaria, na wiki mbili nyingine. Kwingine mtoto atachanjwa chale juu ya uvimbe wenyewe. Hakuna hata mmoja kati ya watu hawa aliye mjinga wala mwenye nia mbaya. Kwa watoto wengi wa Kanda ya Ziwa, wa Pwani au wa magharibi ya Kenya, tumbo lililojaa kweli ni minyoo, ni bandama iliyovimba kwa malaria ya mara kwa mara, ni kichocho, ni utapiamlo. Kosa letu liko kwenye mpangilio: tunatibu kwanza, tunatazama baadaye. Ninachodai ni kwamba mpangilio huo ugeuzwe. Mtoto yeyote mwenye uvimbe unaoshikika tumboni, au ambaye tumbo lake limejaa upande mmoja kuliko mwingine, apimwe kwa altrasaundi siku ile ile anayofika kituoni, kwa mashine ile ile inayowapima wajawazito. Mwenye homa apimwe malaria na atibiwe, hilo halina mjadala. Lakini asirudishwe nyumbani na dawa ya kubahatisha wakati kitu kinachokua tumboni mwake hakijatazamwa na yeyote.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watoto na vijana wapatao 400,000 wenye umri usiozidi miaka 19 hupata saratani kila mwaka. Katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 yao hupona. Katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati wanaopona hawafiki asilimia 30. Mwaka 2018 WHO ilijiwekea lengo la kufikisha angalau asilimia 60 ifikapo 2030, na kati ya saratani sita zilizochaguliwa kuwa kipimo cha lengo hilo zimo mbili ambazo mara kwa mara hujificha tumboni: uvimbe wa Wilms na limfoma ya Burkitt. Shirika hilo linapoeleza chanzo cha pengo hili, linataja mwanzoni kabisa kukosa uchunguzi, uchunguzi usio sahihi na uchunguzi uliochelewa, ndipo vinafuata vikwazo vya kupata huduma, kuacha tiba katikati na madhara ya dawa. Uvimbe wa Wilms, kwa nchi zilizojipanga, hupona kwa watoto takriban 9 kati ya 10. Ni ugonjwa ule ule na figo ile ile.

Kuna mwaka mmoja ambao kila anayefikiria jambo hili angefaa kuukumbuka, nao ni 1958. Mwaka huo daktari mpasuaji kutoka Ireland, Denis Burkitt, aliyekuwa Hospitali ya Mulago jijini Kampala, alichapisha maelezo yake ya kwanza kuhusu uvimbe wa taya kwa watoto wa Kiafrika. Alianza kwa kuitwa amwone mtoto aliyevimba taya pande zote. Muda mfupi baadaye, akiwa Jinja, akaona mtoto mwingine mwenye uso wa namna hiyo, na alipompapasa akakuta tumboni nako kuna uvimbe. Ndipo alipoanza kutambua kwamba taya na tumbo ni ugonjwa mmoja. Hakuwa na zaidi ya macho, mikono na daftari. Mwaka huo huo wa 1958, huko Glasgow, profesa wa magonjwa ya wanawake Ian Donald na wenzake walichapisha katika jarida la Lancet kazi yao ya kutumia mawimbi ya sauti, teknolojia iliyokuwa ikitumika viwandani kutafuta nyufa ndani ya chuma. Watu wengi leo wakisikia altrasaundi huwaza ujauzito. Lakini makala ile ya Donald ilihusu uvimbe wa tumbo. Mmoja wa wagonjwa wake alikuwa mwanamke aliyekwisha kuambiwa ana saratani ya tumbo isiyotibika. Mawimbi ya sauti yakaonyesha kuwa ni mfuko wa maji uliotoka kwenye ovari, ukakatwa, akaishi. Kwa hiyo tunapoomba mashine hii itazame tumbo la mtoto hatuipi kazi ngeni. Tunairudisha kwenye kazi iliyoanza nayo.

Tuitazame ikifanya kazi. Mtoto amelala kitandani, au amepakatwa na mama yake akinyonya ili atulie. Jeli inapakwa ubavuni, ni ya baridi, mtoto anashtuka. Kifaa kinachoshikwa mkononi kinapitishwa taratibu chini ya mbavu, na kwenye kioo yanatokea maumbo ya kijivu. Figo nzima ina sura ya harage, nyeusi kidogo pembeni na nyeupe katikati. Ikiwa imejaa mkojo kwa sababu njia imeziba, katikati yake panakuwa na madimbwi meusi, kwa maana maji hayarudishi sauti. Ikiwa kitu kigumu kimeota ndani yake, sehemu ya figo iliyobaki hutanuka na kukikumbatia kitu hicho kwa ncha mbili zilizochongoka, mfano wa gando la kaa. Wapigapicha wa hospitali duniani kote huifahamu dalili hiyo kwa jina la ukucha, na kwetu sisi inagusa neno letu wenyewe, maana saratani ni neno la Kiarabu ambalo maana yake ya asili ni kaa. Gando hilo likionekana, uvimbe umetoka kwenye figo. Lisipoonekana, na figo ikawa nzima ila imesukumwa chini, basi mtu anaanza kuwaza tezi iliyo juu ya figo, na aina nyingine ya saratani iitwayo neuroblastoma, ambayo ina tabia ya kuvuka katikati ya tumbo na kuizunguka mishipa ya damu. Limfoma ya Burkitt hujitokeza kama vinundu vyeusi-vyeusi kwenye utumbo, ini, figo au ovari. Bandama kubwa ni bandama kubwa, inaonekana wazi, na mtoto anaendelea na matibabu ya malaria au kichocho bila mtu kukosa usingizi.

Sidai kwamba tabibu wa kituo cha afya ataje jina la saratani. Mpaji wa jina ni daktari bingwa, na mara nyingine ni maabara. Kazi ya picha ya kwanza ni nyepesi kuliko hiyo: je, kuna kitu kisichostahili kuwepo, ni kigumu au ni maji, na kimetoka kwenye kiungo gani? Majibu hayo yanatosha kuamua kama mtoto aende nyumbani au apande gari la rufaa leo. Na hapa saa zinahesabika kweli. Limfoma ya Burkitt ni miongoni mwa saratani zinazokua kwa kasi kuliko zote alizo nazo binadamu. Seli zake zinaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili. Wiki mbili za kusubiri dawa ya minyoo ifanye kazi zinatosha kumgeuza mtoto anayetembea kuwa mtoto anayebebwa. Uvimbe wa Wilms hauna mbio hizo, lakini ukiachwa huingia kwenye mshipa wa figo, ukapanda katika mshipa mkubwa unaorudisha damu, na mara nyingine ukafika hadi moyoni. Mpasuaji asiyejua hilo kabla ya kushika kisu anamweka mtoto hatarini. Altrasaundi inaweza kumwonyesha.

Wako watakaosema kwamba haya ni matibabu ya kimaskini, kwamba mtoto wa Mwanza au Kisumu anastahili CT-Scan na MRI kama mtoto wa London. Naielewa hasira iliyo ndani ya hoja hiyo, na nakubali sehemu yake: mtoto aliyeonekana na uvimbe anapaswa kufika penye vipimo hivyo, na ni jambo jema kwamba katika miaka ya karibuni CT-Scan zimefikishwa hospitali za rufaa za mikoa Tanzania. Lakini hiyo ni hatua ya pili. CT-Scan hutumia mionzi, na mwili wa mtoto unaathirika zaidi na mionzi kuliko wa mtu mzima. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012, uliofuatilia watoto na vijana wapatao 180,000 waliopigwa CT-Scan Uingereza, ulionyesha kuwa dozi ya jumla ya takriban miligrei 50 inaweza kuongeza mara tatu hatari ya saratani ya damu. Kwa mtoto mmoja hatari hiyo bado ni ndogo, na pale CT inapohitajika mzazi asiikatae. Ila si kipimo cha kumpima kila mtoto mwenye tumbo kubwa ili tujue kama ni bandama. MRI haina mionzi, lakini inamtaka mtoto alale bila kutikisika kwa muda mrefu, na mtoto wa miaka 3 hafanyi hivyo mpaka alazwe kwa dawa na mtaalamu wa usingizi awepo. Altrasaundi haina mionzi, haihitaji usingizi, inaweza kurudiwa kesho. Hata huko kwenye nchi tajiri, mtoto mwenye uvimbe wa tumbo huanza na altrasaundi. Kinachotutofautisha nao ni siku inayofanyika.

Na je, picha za kawaida zinatosha kumtibu mtoto mpaka mwisho? Jibu limekwisha kutolewa hapa hapa barani. Mwaka 2014 hospitali za Malawi, Ghana, Kameruni na nchi nyingine za Afrika ziliungana kutibu uvimbe wa Wilms kwa mwongozo mmoja uliopimwa kwa uwezo wao. Mtoto anachunguzwa kwa mikono, anapigwa altrasaundi ya tumbo na eksirei ya kifua kuona kama ugonjwa umefika mapafuni. Kisha anaanzishiwa dawa, vinkristini na aktinomaisini, kwa wiki kadhaa ili uvimbe usinyae, ndipo anapasuliwa. Hachomwi sindano ya kukata kinyama kwanza. Utaratibu huo wa kuamini picha na umri wa mtoto hata bila kinyama ndio unaofuatwa na madaktari wengi wa Ulaya pia. Matokeo yalipotolewa, watoto waliomaliza tiba wakiwa hai na bila dalili ya ugonjwa walikuwa wamepanda kutoka asilimia 52 hadi 68, na walioacha tiba njiani walishuka kutoka asilimia 23 hadi 12. Haki inanitaka niseme kwamba altrasaundi peke yake haikufanya hayo. Familia zilisaidiwa nauli na gharama, na wauguzi waliwafuatilia waliokosa kurudi. Lakini nyumba hiyo yote ilisimama juu ya picha mbili ambazo hospitali ya wilaya inaweza kuzipiga.

Mfano mwingine ni wa zamani zaidi, na unanishangaza kwamba hatuutaji mara kwa mara. Turkana, kaskazini-magharibi ya Kenya, kuna ugonjwa wa minyoo ya mbwa ambayo hujenga mifuko ya maji ndani ya ini la binadamu. Tumbo huvimba pole pole mpaka mtu anashindwa kutembea. Katika miaka ya 1980 wataalamu wa AMREF walibeba mashine ya altrasaundi hadi makambini kwa wafugaji, wakaiwasha kwa jenereta, wakapima watu kwa maelfu, wakubwa kwa watoto. Ilikuwa miongoni mwa mara za kwanza duniani kwa mashine hiyo kutumika hivyo nje ya hospitali. Baadaye WHO iliyapanga madaraja ya ugonjwa huo kwa kufuata sura yake kwenye altrasaundi. Na ugonjwa huo unatufundisha kwa nini picha itangulie sindano. Mfuko wa namna ile ukitobolewa ovyo na mtu anayedhani ni jipu, maji yake yanaweza kumwagika tumboni na kumuua mgonjwa kwa mzio, au kupanda mifuko mipya. Kama ilifanyika Turkana miaka 40 iliyopita, kwa mashine nzito na jenereta, sioni ni kwa nini ishindikane leo kwenye kituo cha afya chenye umeme wa jua, wakati zipo mashine zinazoingia mfukoni kwa bei ya dola 2,000 au 3,000.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la ujuzi. Altrasaundi ni mkono na jicho la anayeitumia. Mkono usiofunzwa utapita juu ya uvimbe na kuandika kwamba hakuna tatizo, na karatasi hiyo itamchelewesha mtoto kuliko kama asingepimwa kabisa. Ni kweli. Kenya ilijifunza kwa gharama kubwa kwamba mashine si huduma. Mradi wa kukodisha vifaa vya tiba ulioanza 2015 ulipeleka vifaa, vya picha vikiwemo, katika hospitali 98, na Seneti ilipochunguza ikakuta baadhi vimekaa bure kwa kukosa umeme, maji au mtu wa kuvitumia. Funzo lake ni kwamba pesa ya mafunzo itangulie pesa ya mashine, au angalau ziende pamoja. Lakini tukumbuke kuwa mikono hiyo hatuianzi kutoka sifuri. Tangu 2016 WHO inapendekeza kila mjamzito apimwe altrasaundi walau mara moja kabla ya wiki ya 24, na kwa ajili hiyo wakunga na matabibu wamekuwa wakifunzwa, na mashine zimekuwa zikishuka hadi wilayani. Mtu anayeweza kupima kichwa cha mtoto aliye tumboni mwa mama anaweza kufunzwa kutafuta figo mbili, ini na bandama. Kampala ipo taasisi ndani ya Hospitali ya Mengo inayofundisha kazi hii hii ya altrasaundi. Na kwa sheria moja ndogo tunaweza kupunguza makosa: palipo na uvimbe unaoshikika kwa mkono, karatasi iliyoandikwa «kawaida» isimrudishe mtoto nyumbani, bali picha itumwe kwa daktari wa radiolojia mkoani aitazame naye. Simu ya kuituma iko tayari mfukoni mwa muuguzi.

Yapo pia maneno yasemwayo kwa sauti ya chini: tukiijua saratani mapema tutafanya nini, ikiwa dawa hazipatikani na wodi za watoto wenye saratani ni chache? Swali hili nalijibu kwa ukali kidogo. Kuchelewa hakufanyi dawa ipatikane. Kunafanya ihitajike nyingi zaidi. Uvimbe mdogo uliobaki ndani ya figo unahitaji dawa chache na upasuaji mmoja. Uliofika mapafuni unahitaji dawa ya tatu yenye sumu kwa moyo, wiki nyingi zaidi, na mara nyingi mionzi. Muhimbili, Bugando, KCMC, Kenyatta, Eldoret na Taasisi ya Saratani ya Uganda, ambayo mwanzo wake mwaka 1967 ulikuwa kituo cha kutibu limfoma hiyo hiyo ya Burkitt, zinapokea watoto hawa na kuwatibu. Wanachokosa madaktari wa huko ni mtoto kuwafikia akiwa bado na nguvu. Tena picha hii haigundui saratani tu. Mtoto wa kiume aliyezaliwa na utando unaoziba njia ya mkojo, anayekojoa kwa kujikamua, hupoteza figo zote mbili kimya kimya akiitwa mkaidi au kikojozi. Altrasaundi inaonyesha kibofu kinene na figo zilizojaa maji, na upasuaji mdogo unaweza kuokoa kilichobaki. Kwa mtoto huyo hakuna anayeweza kusema hatuna tiba.

Foleni ya wajawazito haitaelemewa. Watoto wenye tumbo lililojaa upande mmoja, au lenye uvimbe wa kushikika, si wengi kwa wiki katika wilaya moja. Wangekuwa wengi tungekuwa tumezoea kuwaona. Gharama nayo ina jibu kwenye sera tulizo nazo: Tanzania ilikwisha kuamua kwamba mtoto wa chini ya miaka 5 atibiwe bila malipo katika vituo vya umma, na huo ndio umri wa uvimbe wa Wilms. Basi altrasaundi ya tumbo iandikwe wazi kuwa sehemu ya msamaha huo, ili mama asiambiwe dirishani kwamba kumwona daktari ni bure lakini picha ni fedha taslimu. Na mwongozo wa kutibu watoto wagonjwa unaotumika zahanati, ule uliobuniwa na WHO na UNICEF katika miaka ya 1990, umejengwa juu ya kikohozi, kuhara, homa, utapiamlo na maradhi ya sikio. Uongezwe mstari mmoja: mshike mtoto tumbo, kwa upole, ukikuta uvimbe, altrasaundi leo. Wizara za afya haziwezi kusema mstari mmoja ni mzigo.

Na wewe mzazi, au unayelea mtoto wa mwenzio, ukimwogesha jioni ukakuta kitu kigumu ubavuni, usikibonyeze wala usimwite kila jirani aje akishike, maana uvimbe wa figo unaweza kupasuka ndani kwa kuminywa. Mvishe mtoto nguo yake, na asubuhi mpeleke mahali penye altrasaundi. Ukipewa dawa ya minyoo, ipokee. Lakini usiondoke mpaka tumbo limetazamwa.